Kuhesabu Hadi Mia Si Kujua Saba

Hii ni wiki ya tatu dada yangu hanisemeshi. Tunaishi boma moja hapa Pap Onditi, kwa hivyo si ati hanioni. Ananiona, ananipita, jioni anamtuma mtoto aniletee chakula kwenye simba yangu. Kosa langu ni moja: nilikataa kutoa pesa za tuisheni ya mwanawe. Mwanawe ana miaka mitano.

Najua vile wengine mnafikiria. Huyu aliacha chuo mwaka wa pili, anashinda na simu akirekodi video, sasa anataka kuvuta na mtoto wa watu nyuma. Hayo nimeambiwa na dada, nikaambiwa na mjomba, na jamaa mmoja wa bodaboda hapa steji akanirudia tena bila kuulizwa. Sawa. Lakini someni mpaka mwisho kwanza, halafu mnichape.

Mtoto mwenyewe tunamwita Fundi. Si jina lake, ni vile amekuwa akifungua kila kitu chenye skrubu tangu akiwa na miaka mitatu (redio ya dani yake haijapona mpaka leo). Yuko PP2 kwenye akademi moja ya kulipia. Muhula huu walimwita dada wakamwambia mtoto hayuko tayari kwa Gredi ya 1, heri arudie, ama atafutiwe mtu wa kumfundisha jioni. Ushahidi ulikuwa daftari. Nililiona. Ukurasa mzima alitakiwa kunakili herufi b, mstari baada ya mstari, kama mtu anayepanda mahindi. Fundi alipanda mistari miwili, nafasi iliyobaki akachora wilbaro. Ilikuwa na gurudumu, mikono miwili, na ile miguu ya nyuma ya kusimamia. Mwalimu akaipiga mstari mwekundu na kuandika chini kwamba mtoto hasikizi.

Nikaiangalia ile wilbaro muda mrefu. Watoto wengi huchora wilbaro na gurudumu tu. Huyu alikumbuka miguu ya nyuma, kwa sababu ndiyo iliyomshinda siku alipojaribu kuisukuma ikiwa na matofali.

Sasa, Jumamosi kabla ya dada kuitwa shule, mvua ilikuwa imenyesha usiku, tangi limejaa na bomba lake linavuja. Fundi akaamua kwamba yale maji yanafaa yafike kwa ndizi za dani yake, hatua kama kumi na tano kutoka hapo. Hakuna aliyemtuma. Nilitaka kumkemea juu ya matope, halafu nikaona bora nirekodi, kazi ni kazi. Nikarekodi dakika arobaini.

Alianza kuchimba mfereji na kijiko kilichovunjika. Maji yakafika katikati yakasimama, kwa sababu hapo ardhi inapanda kidogo. Mtu mzima angeona. Yeye hakuona, akadhani maji ni machache, akaleta kikombe akaongeza. Yakasimama tena, mengine yakatoroka kando. Akaketi. Kwa karibu dakika nne (nilihesabu baadaye kwenye video) hakufanya kitu, alikuwa anaangalia tu. Halafu akalala kifudifudi kwenye matope, shavu chini, akautazama mfereji kwa usawa wa ardhi vile fundi wa nyumba hutazama ukuta kama umenyooka. Akainuka, akachimba pale penye mwinuko, na hapo pekee. Maji yakapita. Hakupiga kelele wala kuniita. Alienda kuangalia ndizi.

Mimi hapo nilikuwa nimeng'ata ulimi mara tano. Mara tano nilitaka kumwambia, "Wee, chimba hapa." Ningemwambia, maji yangefika ndizini dakika thelathini mapema na Fundi hangejua chochote isipokuwa kwamba Anko anajua.

Kesho yake akaja kunivuta shati. "Anko, maji imekula mchanga." Kweli, kingo za mfereji zilikuwa zimemomonyoka, pale penye mteremko shimo limekuwa kubwa kuliko alivyoliacha. Sisi watu wa Nyakach hiyo hadithi tunaijua. Kule Katuk Odeyo maji yamekula mashamba ya watu mpaka yakaacha korongo ambalo ukisimama ukingoni unaogopa. Na kwa Sondu-Miriu maji ya mto yanapitishwa ndani ya kilima zaidi ya kilomita sita ili yaanguke kwa nguvu na kuzungusha mitambo ya megawati 60. Nikamwahidi nitampeleka kote kuwili. Mtoto akauliza kama kule Sondu walitumia kijiko.

Wiki iliyofuata ndio tukaambiwa huyo mtoto hayuko tayari kusoma.

Kuna msichana wa jirani wa umri huo huo, wako darasa moja, na yeye ndiye mfano dada anapewa kila siku. Anahesabu hadi mia kwa Kiingereza bila kupumua. Wageni wakija anaitwa ahesabu, anapigiwa makofi. Siku moja alikuwa kwetu, nikamwomba aniletee vifuniko saba vya soda kutoka kwa ndoo. Akaleta konzi. Nikamwambia tuvihesabu pamoja. Akaanza kuimba ule wimbo wake wa namba, kidole kikaruka vifuniko vingine, vingine kikavigusa mara mbili, tukafika kumi na mbili. Vilikuwa tisa.

Simcheki. Huyo msichana ni mwerevu, ana kumbukumbu kali kuliko yangu, na wazazi wake wanalipa karo kwa jasho. Ila hajapewa saba. Amepewa jina la saba, akaambiwa alikariri.

Fundi kwa upande wake hafiki mia. Akifika ishirini na tisa anarudi ishirini kama matatu iliyokosa abiria. Lakini mwambie alete vifuniko saba, analeta saba. Mwambie aongeze viwili, haanzi upya kutoka moja, anaendelea pale alipoachia. Hiyo hakuipata kwa daftari. Mama yangu anauza omena sokoni, na Fundi siku za soko hushinda naye akijaza mikebe. Anajua mikebe mingapi inajaza gorogoro. Anajua mteja akitoa noti ya mia na omena ni ya hamsini kuna kitu lazima kirudi. Anajua gorogoro iliyojazwa mpaka ikapanda juu si sawa na iliyopanguswa na mkono, na anajua ni wateja gani hupewa ile ya kupanda juu. Hesabu iko hapo, na siasa pia iko.

Hapa naomba wenzangu wa Dholuo tusimame kidogo. Tano ni *abich*. Mbili ni *ariyo*. Saba ni *abiriyo*. Isome tena polepole. Ni mkono mmoja, halafu vidole viwili vya mkono wa pili. Moja ni *achiel*, sita ni *auchiel*. Waliotuachia hii lugha walikuwa wanahesabu wakishika. Mimi nimeongea Dholuo miaka ishirini na mbili na sikuwahi kuiona mpaka siku Fundi aliponionyesha saba kwa vidole huku akiitamka, nikabaki kinywa wazi. Sasa mtoto kama huyu unamchukua akiwa na miaka mitatu, unamwambia hiyo lugha ni ya nyumbani, anza upya na maneno ambayo hayana mkono wala kidole ndani yake. Na hata sera ya serikali yenyewe inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Sijui akademi zetu ziko eneo gani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatubishani na serikali. Kwenye karatasi ilishakubali. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, wazazi wetu wakapita hapo, sisi tukapita hapo. Januari 2019 CBC ikaanza rasmi kutoka PP1 hadi Gredi ya 3, na ukisoma mtaala wa chekechea hautakuta hata neno "somo" likipewa uzito. Kuna shughuli. Shughuli za lugha, shughuli za hesabu, shughuli za mazingira. Kipindi ni dakika 30, kwa sababu hata waliouandika walijua mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa zaidi ya hapo. Mtoto anatakiwa ashike, ajaribu, achunguze. Wilbaro ya Fundi na ule mfereji ni CBC kuliko kitu chochote kilicho kwenye lile daftari.

Lakini CBC ilipofika kwetu ikageuka kuwa orodha ya kununua. Leta manila, leta gundi, leta picha. Nimeona mzazi saa mbili usiku anagonga mlango wa saiba atolewe picha ya ng'ombe ya rangi, kesho mtoto aibandike. Ng'ombe mwenyewe amefungwa nyuma ya nyumba, anapumua.

Kuna wale huniambia haya ni mambo ya shule za Karen na Lavington, za karo inayotosha kununua shamba. Hapo mmekosea, na niliwahi kukosea pia, mpaka nikaanza kusoma kuhusu nasari za Madrasa za Mombasa. Miaka ya themanini waumini wa Kiislamu pale Mombasa walikuwa na shida kama yetu: watoto wao wanaanza shule ya msingi wakiwa nyuma, na nasari zilizokuwepo zinawafundisha kwa kukariri. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, akaanza kuzunguka mitaani akiongea na wazazi na kufundisha kina mama wa pale pale kuwa walimu. Nasari zikawa za jamii, zinasimamiwa na wazazi wenyewe. Vifaa? Vifuu vya nazi, makombe ya baharini, vifuniko vya chupa, vitambaa vya cherehani. Utaratibu wakauchukua Michigan, Marekani, wakaubadilisha ukafanana na watu wa pwani, na nyimbo zao na hadithi zao na dini yao. Mtoto anasema leo anataka kufanya nini, anafanya, halafu anawasimulia wenzake alichofanya. Basi. Mwaka 1990 ukaingia Zanzibar, 1993 Uganda.

Na si hadithi tu ya kupendeza. Mwaka 2008 Peter Mwaura na wenzake wawili, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, walichapisha utafiti uliofuatilia watoto Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliosoma nasari yoyote walikuwa wameendelea kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa nasari za Madrasa wakawa wameendelea zaidi ya wale wa nasari zingine. Kwa vifuu vya nazi.

Hata hiyo Montessori ambayo watu hupaka kwenye geti ili waongeze karo, mwanzo wake si utajiri. Maria Montessori alikuwa daktari, na Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa mafukara kule Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa kazini na wao wanabaki wakiharibu ngazi na kuta. Aliwapa vitu vya kushika, akawaacha wachague, akakaa akiangalia. Ilianzia kwa watoto kama wa Pap Onditi. Jina lenyewe halina mwenyewe, kwa hivyo leo hata wewe unaweza kulipaka kwa geti lako na ndani ukaendelea kuimbisha watoto ubaoni. Kuna watu wanafanya hivyo.

Sasa nirudi kwa ile ya kuacha chuo, maana nimeitaja na sitaki kuikimbia.

Sikuacha kwa sababu ya falsafa. Niliacha kwa sababu ya karo. Mtu akikuambia aliacha chuo kwa kuamka tu na maono, mwulize salio lilikuwa ngapi. Lakini kuna siku moja ambayo haijanitoka. Nilikuwa nasomea kompyuta, na mtihani wa kuandika programu tuliufanya kwa karatasi. Kwa kalamu. Unaandika programu ambayo haitawahi kuendeshwa, mhadhiri anasoma kwa macho anakadiria kama ingefanya kazi. Nilipata alama nzuri sana. Niliporudi nyumbani na kujaribu kuiandika kwa kompyuta ya saiba hapa Katito, haikufanya. Siku mbili haikufanya. Hapo ndipo nilijua nimekuwa yule msichana wa jirani. Nilikuwa nimekariri hadi mia.

Kuhariri video nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye skrini iliyopasuka, kwa kuharibu. Niliharibu video za harusi mbili za watu (samahani tena). Na nisidanganye, kujifunza hivyo kumeniacha na mashimo. Kuna mambo ya sauti ambayo mtu aliyefundishwa vizuri anayajua kwa wiki moja, mimi yamenichukua miaka miwili. Kwa hivyo simwambii mtu mwalimu hana kazi. Nasema kwa mtoto wa miaka mitano kazi ya mwalimu ni nyingine.

Mama yangu ndiye aliyenipa hoja ngumu. Wengine wote walinitukana tu, yeye alifikiria. Tulikuwa tunapanga omena kwa gunia, akaniambia, "Wuoda, mtoto wa tajiri akicheza mpaka miaka kumi, baba yake atampigia mtu simu. Fundi akicheza, nani atampigia nani? Sisi ngazi yetu ni mtihani. Usimtolee mtoto ngazi."

Nilinyamaza. Ni kweli. Yeye aliacha shule darasa la sita, anajua ngazi ni nini kuliko mimi niliyeshuka kwa kupenda kwangu na kutopenda kwangu. Siku mbili sikuwa na jibu. Jibu nililopata baadaye ni hili, na nilimwambia: hiyo ngazi ina vidato vya chini, na sisi tunamwinua mtoto tunamning'iniza kwa kidato cha nne ili majirani wamwone. Anakaa hapo miaka miwili mitatu kwa kumbukumbu tupu. Halafu hesabu zinapoanza kuwa hesabu, kugawanya, sehemu, saba ikiwa lazima iwe saba, anaanguka. Na akianguka akiwa Gredi ya 5 hakuna anayesema ni nasari. Wanasema mtoto ni mjinga. Yeye mwenyewe anaamini. Mtoto wa tajiri akianguka hapo ana mtu wa kumlipia aokotwe. Fundi hana. Yeye ndiye hasa hawezi kumudu kuanza vibaya.

Mama alisema, "Mm." Kwa wanaomjua, hiyo ni nyingi.

Halafu nikaenda kuongea na mwalimu. Si wa akademi, huyo hawezi kuongea na mimi. Ni mwalimu wa chekechea ya umma, hizi za kaunti (tangu katiba ya 2010 chekechea ni kazi ya kaunti, kwa hivyo MCA wako akikuambia aulizwe Nairobi, anakuchezea). Darasa limejaa, yeye ni mmoja. Nilimkuta nje chini ya mti na watoto, mchanga, mabua ya mtama, chupa za plastiki zilizokatwa. Kundi moja lilikuwa linagombana juu ya nani amejenga zizi kubwa. Hakuamua. Aliwauliza, "Mtajuaje?" Wakaenda kuleta mbuzi wa udongo kuona ni wangapi wanaingia. Nilitaka kupiga makofi.

Ilipofika saa nne na nusu akawaingiza ndani wote, akaandika herufi ubaoni, wakanakili ukurasa mmoja. Mmoja tu. Nikamuuliza mbona. Akacheka, akasema, "Huo ni ukurasa wa mzazi."

Akanieleza. Mzazi akifika jioni hafungui mtoto, anafungua daftari. Akikuta tupu anasema hapa hawafundishi, muhula ujao mtoto anahamishwa akademi, idadi inashuka, na mwalimu anaulizwa idadi imeenda wapi. Kwa hivyo kila siku anakata nusu saa ya watoto anawapa wazazi. Alisema bila uchungu, kama mtu anayelipa ushuru wa soko.

Mimi tangu siku hiyo nimeacha kulaumu walimu kwa hili. Ni sisi. Tunanunua daftari lililojaa. Akademi inatuuzia tunachonunua. Dada yangu si mama mbaya, anaamka saa kumi usiku kwa ajili ya huyo mtoto, na kitu pekee anachoweza kushika mkononi jioni kinachoonyesha jasho lake limeenda mahali ni kile kitabu cha mistari. Ningekuwa yeye pengine ningefanya vile vile. Lakini mtoto ndiye anayelipa.

Sisemi mwache mtoto akimbie ovyo mjiite wazazi wa kisasa. Huku kwetu kuna mito, kuna madimbwi, kuna yale makorongo, na maji hayamjui mtoto mdadisi na asiye mdadisi. Mtu mzima awe hapo. Pia kuna uongo mwingine lazima niukatae, ule wa kumpa mtoto mbuzi kumi achunge siku nzima halafu tuseme anajifunza kwa vitendo. Hiyo ni kazi, na ni yako. Fundi akichoka kujaza mikebe anaondoka anaenda kucheza, na mama hamwiti. Siku atakapoanza kumwita, itakuwa imekuwa ajira.

Ninachotaka ni kidogo. Jioni ukifungua daftari ukikuta tupu, usiende kupigana na mwalimu kwanza. Muulize mtoto leo umefanya nini, halafu nyamaza kama dakika nne hivi. Ukimpa sufuria mbili na maji, usimwonyeshe ipi inabeba mengi. Ukisikia anaongea peke yake chini ya mwembe, usimwite aje kusalimia wageni. Na kazi ya nyumbani ya kuandika kwa mtoto wa PP1, mimi ningekuwa mzazi ningeirudisha na barua ya heshima. Kwa MCA wetu, badala ya kupaka rangi za katuni ukutani mwa chekechea halafu upige nazo picha, leta walimu wawili na lori moja la mchanga. Walimu ndio kwanza.

Pesa za tuisheni sikuzila, dada ajue hilo. Nilinunua beseni kubwa, mizani ya mkono ya pili hapo sokoni, na penseli nene. Ndiyo, penseli. Fundi ataandika. Wiki iliyopita alitaka kuandika bei kwenye kipande cha katoni ili dani yake asiulizwe kila mara, akaniuliza hamsini huandikwaje. Aliandika tano mara tatu ikiangalia upande mbaya. Ya nne ikageuka. Kile kikatoni kiko sokoni mpaka leo, kimepigwa na jua, na kuna wateja wawili waliokataa kubargain kwa sababu, walisema, imeandikwa.

Dada bado hanisemeshi. Ila jana jioni Fundi alikuwa na beseni lake, anajaribu vitu vinavyoelea na vinavyozama. Kifuniko cha soda kikilazwa kinaelea, kikisimamishwa kinazama, na hiyo ilikuwa imemkasirisha sana. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi kumwita aoge. Akasimama. Akaangalia. Nilikuwa mlangoni kwa simba yangu, nikajifanya niko kwa simu.

Hakumwita. Alikaa hapo mpaka ugali ukashika chini, nikaunusa mimi kabla yake. Kabla ya kukimbia ndani alikiinama kile kifuniko, akakilaza yeye mwenyewe na kidole kimoja, polepole, akaona kikielea.

Walio karibu na Pap Onditi, vifuniko vya soda msitupe. Nileteeni sokoni, pale kwa mama wa omena mwenye bei ya katoni. Yule mwalimu wa chini ya mti anahitaji kama ndoo mbili.